Njia ya Turpin kwa Baiskeli: Mafunzo Niliyopata Kati ya Brough na York

Kila Mwingereza niliyewahi kumuuliza habari za Dick Turpin amenipa majibu mawili: kwamba alikuwa na farasi jike mweusi aitwaye Black Bess, na kwamba alimpanda kutoka London hadi York usiku mmoja ili kukwepa kitanzi. Yote mawili hayakutokea. Turpin mwenyewe alikuwepo. Aliiba, aliua, na alinyongwa York tarehe 7 Aprili 1739. Lakini farasi yule na safari ile viliingizwa katika maisha yake na wasimuliaji wa baadaye, na mwandishi wa riwaya ndiye aliyevieneza, karibu miaka mia moja baada ya yeye kufa.

Kikundi changu cha baiskeli hapa Hull kina desturi ya kuchagua kila mwaka hadithi moja ya Yorkshire na kuifuata kwa magurudumu. Mei iliyopita zamu ilikuwa ya Turpin. Tulipanda gari moshi hadi Brough, kando ya mto Humber, kisha tukaendesha hadi York kupitia Welton, Beverley na Market Weighton, kilomita sabini na kitu. Kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kusambaza barua, mtu anayezijua njia za vijijini nyumba kwa nyumba.

Mimi ni mzaliwa wa Witu, Lamu. Kwetu mnyang'anyi wa barabarani hakuwa mtu wa vitabuni. Nilikua nikisikia ni basi lipi limesimamishwa jana na mashifta, na nani alikuwa ndani. Niliyojifunza katika safari hii nayaandika kwa yeyote anayetaka kufuata nyayo za watu wa aina hiyo, awe Uingereza au kwao.

1. Soma habari za mahakamani kabla ya kupanda baiskeli

Turpin alibatizwa katika kijiji cha Hempstead, Essex, Septemba 1705. Baba yake alikuwa mchinjaji na mwenye baa, naye akafunzwa kazi ya bucha. Bucha ndiyo iliyomfungulia mlango wa wizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1730 kulikuwa na genge lililokuwa likiwinda kulungu kwa magendo katika msitu wa Epping, na genge kama hilo linahitaji mtu wa kuitoa nyama mkononi haraka. Akawa mtu wao.

Kutoka kwenye nyama wakahamia nyumba za watu. Usiku wa tarehe 4 Februari 1735 walivamia shamba la Joseph Lawrence huko Edgware, mzee wa miaka sabini hivi. Walimpiga kwa bastola, wakammwagia maji ya birika kichwani, wakamvua suruali na kumkalisha motoni ili aseme pesa ziko wapi. Mmoja wao alimpeleka mtumishi wa kike ghorofani akambaka. Walichopata usiku ule hakikufika pauni thelathini.

Genge lilipovunjwa, wengine wakinyongwa, Turpin aliingia barabarani na farasi na bastola. Tarehe 4 Mei 1737 Thomas Morris, mtumishi wa mlinzi mmoja wa msitu wa Epping, alijaribu kumkamata. Turpin alimpiga risasi akamuua. Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 200 kwa atakayemkamata, naye akakimbilia kaskazini, akajiita John Palmer na kujifanya mfanyabiashara wa farasi.

Haya niliwasomea wenzangu tukiwa stesheni ya Brough, kabla hatujajaza upepo. Kijana mmoja aliyevaa fulana yenye picha ya mpanda farasi mwenye barakoa aliniuliza kama nina hakika ni mtu huyo huyo. Nilimwonyesha tarehe na majina. Ndiye huyo huyo. Kama tungeanza kwa hadithi na kuyaacha haya kwa ajili ya jioni, siku nzima tungekuwa tunamshangilia.

2. Hadithi huhamia mahali penye sura nzuri

Brough ya leo ina stesheni, nyumba mpya nyingi na maegesho ya magari. Zamani ilikuwa na kivuko. Ukisimama ukingoni mwa mto utaliona daraja la Humber upande wa mashariki, lile lililofunguliwa mwaka 1981, mita 1,410 kutoka mnara hadi mnara. Kabla ya hapo kila aliyetaka kuvuka sehemu hizi aliusubiri mkondo wa maji na mashua. Turpin alikaa hapa kwenye nyumba ya wageni ya kivuko, akawa anavuka kwenda Lincolnshire, anarudi na farasi, anawauza. Hakuna aliyeuliza sana wametoka wapi.

Kilichomponza ni jogoo. Oktoba 1738, akitoka kuwinda, alimpiga risasi jogoo wa mtu njiani. Jirani mmoja, John Robinson, alipomkemea, Turpin alimwambia angoje kidogo aijaze bunduki, naye atampiga vivyo hivyo. Watu hawakulinyamazia hilo. Mahakimu wa amani walikuja Brough wenyewe wakachukua ushahidi, na alipokataa kuweka dhamana ya kutulia, akapelekwa gerezani Beverley.

Sasa panda kilima kidogo hadi Welton. Huko kuna kanisa la kale, kijito, bata, nyumba za mawe, na baa iitwayo Green Dragon inayojitangaza kuwa ndipo Turpin alipokamatwa. Karatasi za kesi zinaelekeza Brough. Lakini nani atasimama kupiga picha kwenye maegesho ya magari? Nimeliona hili pia pwani yetu: kisa kilichotokea kwenye kichaka cha kawaida husimuliwa baada ya miaka kuwa kilitokea chini ya mbuyu mkubwa. Ukiufuata mkasa wowote, zuru mahali pasipo na sura kwanza, usije ukapasahau.

3. Mwili ni shahidi wa umbali

Kutoka Welton njia inapanda kwenye vilima vya chokaa viitwavyo Wolds. Si virefu, lakini siku ile upepo ulitoka magharibi ukatupiga ubavuni, na kwa kiasi cha nusu saa hakuna aliyesema neno. Hapo ndipo ile habari ya London hadi York usiku mmoja ilinitoka kabisa mwilini. Ni kilomita 320 hivi. Liko tangazo maarufu la gari la farasi la mwaka 1706, la safari kati ya York na London, linaloahidi siku nne, Mungu akipenda. Na hilo ni gari lililobadilishiwa farasi njiani. Farasi mmoja, mpanda mmoja, usiku mmoja? Miguu yangu ilikuwa na jibu kabla hatujafika kileleni.

Safari yenyewe ilikuwa mali ya mwingine. John Nevison, mnyang'anyi wa kizazi kilichotangulia, anasimuliwa kuwa mwaka 1676 alimwibia baharia huko Kent alfajiri, akavuka mto Thames, akaifikia York jioni ya siku hiyo hiyo na kujionyesha kwa meya ili apate shahidi kwamba asingeweza kuwa Kent. Daniel Defoe aliandika kisa hicho miaka ya 1720, wakati Turpin akiwa bado kijana wa bucha. Kisha mwaka 1834 William Harrison Ainsworth akatoa riwaya yake, Rookwood, akaieneza habari ya Turpin aliyevishwa safari ya Nevison, juu ya Black Bess anayekufa kwa uchovu machoni pa York. Kitabu kilipendwa mno. Baa nyingi zilizo kando ya barabara ya kaskazini zikaanza kukumbuka kwamba Turpin alinywa kwao usiku ule.

Mwendo wa baiskeli unafaa sana kwa kazi hii. Kwenye gari vilima vinakupita dirishani. Kwa miguu hutamaliza njia kwa siku moja. Kwa baiskeli unapata njia nzima, na unailipia kila kilomita.

4. Tafuta kitu kidogo kilichogeuza mambo

Tuliingia Beverley kupitia Westwood, malisho ya jumuiya ambako ng'ombe hutembea watakavyo na kuvuka barabara bila kukutazama. Tukanywa chai karibu na soko. Hapo kiongozi wetu akatoa mfukoni karatasi moja kubwa, akaikunja mara tatu, akaingiza ncha moja ndani ya nyingine, akaigeuza na kuandika anwani mgongoni. Hakukuwa na bahasha, alituambia. Karatasi yenyewe ilijifunika, ikapigwa lakiri. Kisha akampa jirani yake na kusema, "Nipe pesa kwanza."

Maana kabla ya mwaka 1840 aliyelipia barua kwa kawaida alikuwa mpokeaji.

Februari 1739 Turpin, sasa amehamishiwa ngome ya York na bado akijulikana kama Palmer, alimwandikia shemeji yake huko Hempstead akiomba watu wa kumshuhudia tabia njema. Barua ikafika. Shemeji akaitazama, akasema hana mtu anayeandikiana naye York, akakataa kuilipia. Labda alibania senti. Labda aliujua mwandiko, hakutaka matatizo. Barua ikarudishwa posta ya Saffron Walden, na huko akaiona James Smith. Smith ndiye aliyekuwa amemfundisha Turpin kuandika alipokuwa mtoto. Aliutambua mwandiko kwenye anwani, mgongoni mwa karatasi, kabla barua haijafunguliwa. Akamjulisha hakimu wa amani, barua ikalipiwa na kufunguliwa. Smith akasafiri hadi York, na tarehe 23 Februari akamtambua mfungwa uso kwa uso. Pauni 200 zikawa zake.

Mzee wetu alituonyesha kwa kidole mahali pa anwani kwenye karatasi yake, maneno machache tu, na akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi alikuwa akijua barua imetoka kwa nani kabla ya kusoma jina. Mwandiko wa mtu haumwachi, alisema. Nilimwamini. Nilikumbuka mwalimu wangu wa darasa la pili aliyekuwa akigawa daftari zetu bila kuangalia jalada.

Niliyoyajua awali juu ya Turpin yalikuwa farasi na bastola. Sasa najua kilichomwangusha ni gharama ya stempu kabla stempu haijabuniwa, na mwalimu aliyekumbuka jinsi mtoto alivyokuwa akiandika. Waongoza misafara ya aina hii, bebeni karatasi. Bebeni kitu ambacho watu watakishika mkononi.

5. Uliza majina ya walioibiwa

Tukiwa bado Beverley simu yangu ikalia. Ni mama, kama kila Jumamosi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. U wapi, mbona napata kelele?"

Nilimweleza. Akasikiliza, maana hupenda habari za safari.

"Kwa hiyo mnamfuata mwizi."

"Ndiyo, Mama. Wa zamani sana, alishanyongwa."

"Na aliowaibia? Wao mtawafuata lini?"

Mama aliwahi kuwa ndani ya basi lililosimamishwa kati ya Garsen na Witu, miaka ya tisini. Wakati ule mabasi ya Lamu hayakwenda peke yake. Yalingojana, askari wenye bunduki wakapanda, msafara ukaondoka pamoja, na bado haikutosha. Pesa zake alikuwa amezifunga kwenye pindo la leso, na walijua pa kutafuta. Walichukua pia vitambaa alivyovinunua Mombasa kwa ajili ya arusi ya mdogo wake. Mzee mmoja walimvua viatu akatembea pekupeku hadi nyumbani. Hadi leo mama hawezi kusema sura za watu wale, lakini sauti ya aliyemwambia "toa" anaikumbuka, na kwa miaka mingi hakukaa kiti cha mbele kwenye basi.

Wasafiri wa Uingereza ya karne ya 18 waliishi hivyo hivyo. Walingojana kwenye nyumba za wageni ili wavuke kwa pamoja nyika kama Hounslow Heath, magharibi ya London. Mwishoni mwa karne hiyo posta ilishauri watu wakate noti za benki vipande viwili, watume nusu leo, na nusu nyingine baada ya ya kwanza kufika. Nilipolisoma hilo niliona pindo la leso.

Basi tulipoondoka Beverley niliwaomba wenzangu tutaje majina. Joseph Lawrence. Mjane Shelley wa Loughton, aliyetishiwa kukalishwa motoni nyumbani kwake. Thomas Morris. Thomas Creasy wa Heckington, Lincolnshire, aliyeibiwa farasi jike, mtoto wa farasi huyo na farasi dume aliyehasiwa. Kesi ya Creasy, iliyosikilizwa tarehe 22 Machi 1739, ndiyo iliyompeleka Turpin kwenye kitanzi. Alihukumiwa kwa farasi. Kwa ajili ya Morris hakushitakiwa kamwe, na hilo liliniudhi njia nzima hadi Market Weighton. Mtu aliyekufa akijaribu kumzuia hana hata mstari mmoja katika hadithi ambayo watoto wa nchi hii wanaijua kwa moyo.

6. Njia ya reli iliyofungwa ni rafiki wa kikundi

Hili ni fupi. Kutoka Beverley hadi Market Weighton kuna njia iitwayo Hudson Way, iliyokuwa reli kuanzia 1865 hadi 1965. Haina magari, haina mwinuko mkali, na watu wa kasi tofauti wanaweza kwenda pamoja wakizungumza. Mvua ikinyesha ina tope, kwa hiyo tairi nyembamba za mbio hazifai. Bebeni tyubu ya akiba; miiba ya ua ni mingi. Jina lake limetokana na George Hudson, aliyeitwa mfalme wa reli, ambaye mwaka 1849 uchunguzi ulionyesha jinsi alivyochezea hesabu na fedha za wenye hisa.

7. Mahali pa kunyongea pasigeuzwe mahali pa sherehe

York tuliingia alasiri. Jengo la gereza alimofungwa Turpin bado lipo, limekuwa jumba la makumbusho la York Castle. Lilimalizika kujengwa 1705, mwaka ule ule aliozaliwa. Chumba chake cha mwisho kinaonyeshwa, kuta nene za mawe na mwanga kidogo.

Kutoka hapo alipelekwa Knavesmire, uwanda ulio nje ya mji ambako mbio za farasi zilikuwa zimeanza mwaka 1731 na zinafanyika hadi leo. Alinunua koti jipya na viatu. Aliajiri watu watano wa kumlilia. Aliyemnyonga, Thomas Hadfield, alikuwa naye mnyang'anyi wa barabarani aliyesamehewa kwa sharti la kuifanya kazi hiyo. Waliokuwepo wanasema Turpin aliinama kuwasalimu watu, akazungumza na mnyongaji kwa muda, kisha akajirusha mwenyewe kutoka ngazini.

Ujasiri ule wa dakika za mwisho ndio uliobeba jina lake. Naelewa kwa nini. Umati uliokuja kuona mtu akitetemeka uliona mtu aliyevaa vizuri, na ukarudi nyumbani na cha kusimulia. Lakini mzee Lawrence alikuwa amekalishwa motoni bila watazamaji.

Pale penye mti wa kunyongea, kando ya barabara ya Tadcaster, pamewekwa sakafu ya mawe na kibao. Mmoja wetu alitaka picha ya kikundi, mikono juu. Kiongozi alikataa kwa upole akasema tupige picha kwenye daraja mbele ya safari. Hapa walinyongwa wengi hadi 1801, wengine kwa wizi wa kondoo. Nilishukuru kwa neno lake, na yule kijana wa fulana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuishusha simu.

Kaburi la Turpin linaonyeshwa karibu na kanisa la St George, chini ya miti, na jiwe lake lina majina yote mawili, Palmer na Turpin. Wezi wa maiti walimfukua baada ya mazishi, watu wa York wakamtafuta, wakamrudisha na kumzika tena.

8. Uliza pia unyang'anyi uliishaje

Kwenye gari moshi la kurudi tulibishana juu ya hili, na nadhani ndilo swali lenye faida kuliko yote. Kitanzi hakikutosha. Tangu 1692 sheria ilitoa pauni 40 kwa kila mnyang'anyi wa barabarani aliyetiwa hatiani, na bado walijaa, huku wengine wakisingiziwa ili zawadi ipatikane. Vilivyofanya kazi vilikuwa vya polepole: barabara za kulipia zilizokuwa na malango na walinzi, nyika zilizozungushiwa ua na kulimwa, noti zenye namba zinazofuatilika mahali pa dhahabu isiyo na alama, na tangu 1805 doria ya wapanda farasi iliyolinda barabara zinazoingia London. Njia yetu ya Garsen hadi Lamu siku hizi ni ya lami, ingawa hatari zake za sasa ni nyingine. Nilipowaeleza wenzangu jinsi magurudumu ya basi yalivyokuwa yakizama kwenye tope karibu na Witu, na kwamba penye tope ndipo mashifta walipongoja, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi juu ya kazi ya barabara nzuri.

Mwaka ujao kikundi kinakwenda kusini, Loughton hadi Hempstead kupitia msitu wa Epping. Nimeomba nipewe kituo cha Thomas Morris, na nimekubaliwa. Karatasi yangu itakuwa na jina lake, kazi yake, tarehe 4 Mei 1737, na alichokuwa akijaribu kufanya alipopigwa risasi. Mama ameniambia nimtumie hiyo karatasi kabla sijaisoma mbele za watu, na kwamba kiwe kituo cha kwanza, watu wakiwa bado hawajachoka kusikiliza.